Fundi wa Vifungo

Nyumbani,
Ijumaa jioni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Kabla hata ya shikamoo, nikutolee siri ambayo sijamwambia mtu: likizo hii sikukanyaga tuisheni. Nilikuwa nashona vifungo kwenye karakana ya sare za shule, nyuma ya soko.

Haya, sasa shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Huko baridi imepungua? Sisi wazima, ila mimi leo hata kukaa kitako siwezi kwa furaha.

Unajua kwa nini nilificha. Mama hataki nishike sindano, tangu tajiri wake wa zamani alipomdhulumu mshahara wa ushonaji, na Mama akaondoka kimya kimya bila kudai.

Basi na mimi yakanikuta yale yale. Tajiri wetu mafundi wanamwita Bosi Kesho, maana ni bingwa wa kupiga kalenda. Tulikubaliana mshahara kwa mdomo, lakini likizo ilipoisha akageuka: eti nilikuja kujifunza, na mwanafunzi halipwi. Fundi Mkuu, mama mmoja ambaye utepe wa kupimia haumtoki shingoni, akaninong'oneza kwamba kazi ikishafanyika ni deni, hata kama hamkuandikiana, na kwamba ofisi ya kazi ipo kwa ajili hiyo. Lakini mimi unanijua. Hata mwalimu akinikosea jina naitika tu.

Leo nimekwenda kudai kwa mara ya mwisho. Nikamkuta Bosi Kesho na mwalimu mkuu wa shule moja ya kulipia, aliyefuata makoti ya sare ya shule yake, wanaongea ile lugha ya darasani. Mwalimu akavuta kifungo, kikagoma kung'oka, akasifu. Bosi Kesho akavimba kichwa: kwake hakuna wanafunzi, vifungo vyote vimeshonwa na fundi aliyeiva.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nikasema, kwa lugha yao ile ile:

"Fundi huyo ni mimi. Naomba mshahara wangu."

Cherehani zote zikanyamaza. Fundi Mkuu, asiyejua hata neno moja la lugha ile, akauliza mtoto kasema nini. Nikarudia kwa lugha yetu, kwa sauti zaidi.

"Basi mlipe fundi wako, bosi," akasema Fundi Mkuu. "Au na sisi wengine ni wanafunzi?"

Mafundi wakaangua kicheko, na hakuna aliyerudisha mguu kwenye pedali. Mwalimu akaweka makoti chini, akasema yeye hana haraka, atasubiri. Bosi Kesho akaingiza mkono mfukoni.

Amenilipa hela zangu zote, Mama Mdogo. Leo, si kesho.

Msalimie Baba Mdogo, na wale mapacha watundu uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mungu akupe mgongo usiouma na waajiri wenye haya.

Nasikia ndara za Mama zikija. Siku nyingine karatasi hii ingekuwa tayari chini ya godoro. Leo naiacha wazi mezani, na hela juu yake. Akiuliza, nitamjibu kwa sauti ile ile.

Wako akupendaye tangu hajajua kutunga uzi,
Binti wa dada yako