Fomu ya Neema ya Kwenda Kambini

Mpendwa mama,

Shikamoo. Hata nikiwa na hasira siwezi kuanza bila hiyo.

Leo asubuhi Neema, mjukuu wako uliyemwacha akitambaa, amepanda meli kwenda Ukerewe, kwenye kambi ya likizo ya watoto wa kanisani. Siku sita. Ana miaka tisa, umri niliokuwa nao mwaka ule uliponidanganya.

Unakumbuka. Nilikaa kibarazani kwetu Pasiansi, begi mapajani, nimevaa soksi mpya. Ukasema, "Kambi imeahirishwa, mwanangu. Vua viatu." Nikavua. Baada ya wiki wenzangu walirudi wakiimba nyimbo nisizozijua. Adela wa jirani akaniuliza, "Wewe uliogopa maji, eti?" Nikasema ndiyo, ili nisikuaibishe.

Baba alikuwa amezama ziwani miaka miwili kabla. Ungeniambia tu kwamba unaogopa, ningebaki nyumbani bila kulia. Hilo ndilo sijakusamehe.

Na kinachoniudhi zaidi, mwezi huu nimefanya kama wewe, ila kikarani. Fomu ya ruhusa ya Neema niliirudisha kanisani mara mbili. Mara haina muhuri, mara tarehe imeandikwa kwa penseli. Ofisini ndivyo tunavyomchosha mtu tusiyetaka kumkatalia usoni.

Neema akanitazama. "Mama, fomu za wenzangu wote ziko hivi hivi. Yangu tu ndiyo ina kasoro?"

Neno lako lilikuwa tayari mdomoni mwangu: imeahirishwa. Nilikukasirikia. Nikamwambia, "Fomu haina kasoro. Mimi ndiye ninayeogopa ziwa."

Akafikiri kidogo. "Basi we ogopa tu, mama, lakini usaini."

Nikasaini. Bandarini hakugeuka nyuma hata mara moja, na hilo nalo limenikasirisha. Tangu nifike kazini nimekwenda dirishani kila baada ya barua moja kutazama upepo. Bosi ameniuliza kama naumwa.

Umeniachia hofu yako, mama, hukuniachia namna ya kukaa nayo. Ungekuwepo, tungekaa kibarazani wawili tukilitazama ziwa na kugombana mpaka Jumamosi atakaporudi.

Akirudi nitamwomba anifundishe zile nyimbo. Zote.

Ni mimi mwanao,
uliyemwambia avue viatu.