Alama Niliyojipa Mwenyewe

Kalerwe, Kampala
Tarehe 14 Mei 2025

Mpendwa Mama mdogo Benedicte,

Pokea salamu zangu, na kabla ya yote niambie kuhusu magoti. Ile dawa ya kupaka niliyompa Guerschom ilifika? Sasa unaweza kupiga magoti kanisani, au bado unabaki kwenye benchi ukijifanya unasali kuliko wengine? Sisi huku ni wazima. Heritier ameota meno mawili ya juu na anauma nayo kila kitu, wa kwanza nikiwa mimi. Baba yake, Kasereka, bado anapakua samaki kwenye mitumbwi kule Ggaba. Anarudi akinuka ziwa, na mtoto anamtambalia hivyo hivyo. Mimi nimechoka, sitakuficha, lakini siumwi.

Habari za Butembo zinatufikia vipande vipande. Nikisikia jina la mji wetu kwenye redio naacha ninachofanya, hata kama sabuni imenijaa mikononi. Mungu aendelee kuwafunika.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu haya si maneno ya kutuma kwa sauti kwenye simu. Simu yako inasikilizwa na nyumba nzima, na mjomba ndiye anayeanza kucheka. Guerschom anasafiri Ijumaa kwa basi la mpakani, atakupa mkononi. Soma peke yako kwanza.

Unakumbuka tulivyopatana mwezi wa kwanza. Uliniambia, "Marie-Louise, mwenye kunyonyesha hakai darasani. Acha hicho Kiingereza, au niletee mtoto nimlee mimi." Nikakuomba muhula mmoja tu. Tukasema nikipanda ngazi ya pili naendelea na Heritier anabaki na mimi. Nisipopanda nafunga vitabu, na wewe unamchukua mpaka awe mkubwa kidogo, mimi nibaki na biashara tu. Kasereka alikuwepo, akaitika. Basi muhula umekwisha. Jibu ninalo, ila usikimbilie mwisho wa barua kama unavyofanya siku zote. Nisome polepole.

Asubuhi bado natembeza vitenge Ntinda, mtoto mgongoni, mzigo kichwani. Mchana napanda kile kilima cha chuo kikuu. Sijui nikuelezeje. Kuna miti mikubwa, kuna ndege warefu wenye sura mbaya wamesimama juu yake kama mapadri waliostaafu, na chini yake wanapita vijana wenye vitabu bila hata kuangalia juu. Mlinzi wa getini ananisalimu. Siku ya kwanza niligeuka nione anamsalimu nani nyuma yangu.

Mwalimu wetu anaitwa Ojera, mtu wa upande wa Gulu, mpole wa sauti. Siku ile ya kwanza aligawa karatasi yenye mistari. Mstari mmoja unasema: naweza kueleza mimi ni nani. Mwingine: naweza kumwelekeza mtu njia. Naweza kumweleza daktari ugonjwa. Naweza kufuata habari za redio. Na mbele ya kila mstari kuna nafasi ya kuweka alama, kuanzia moja mpaka tano. Nikangoja aje anipime. Akasema hapana, alama unajiwekea mwenyewe. Na mwisho wa muhula utajiwekea tena, usimame mbele ya wenzako uitetee, na alama hiyo ndiyo itakayokupandisha au kukubakiza.

Mama mdogo, nilidhani mtu huyu amechoka na kazi yake.

Wewe unajua tulikotoka. Siku ya kutangaza matokeo, mkurugenzi wa shule anasimama uwanjani na karatasi yake, anaita majina kuanzia wa kwanza, na asilimia yako unaisikia siku moja na majirani wote. Wewe ulikuwa umesimama nyuma na kitenge cha Jumapili, na mimi nilikuwa nakutazama usoni nijue kama nimefaulu. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, je, wewe mwenyewe unaona unajua nini? Nilikaa na kalamu nikaogopa kama mtu aliyepewa funguo za nyumba isiyo yake. Siku hiyo niliweka moja kila mahali, na ilikuwa kweli.

Sehemu ya pili ya masomo ni desturi za watu. Mwalimu anasema lugha bila desturi ni nguo bila mtu ndani. Tunatazama filamu fupi za watu wanaozungumza Kiingereza tangu kuzaliwa. Ukimsifia mmoja wao gauni lake, anasema asante, basi, anaendelea na chai yake! Darasa zima lilicheka. Na kila juma mmoja wetu analeta desturi ya kwao na kuieleza kwa Kiingereza. Okeny, kijana mrefu asiyenyamaza, alituonyesha namna wanavyomkaribisha shemeji kwao. Faridah alileta ubani na mikeka. Yeye ni Mnubi wa Bombo, Kiswahili amekua nacho, na ndiye anayenishikia Heritier nikisimama kusema.

Katikati ya muhula Heritier alipata homa. Hilo sikukuambia, ungekuja kwa miguu. Zamani nikienda zahanati nilikuwa naomba mtu wa kunisemea, na anayekusemea hufupisha. Wewe unasema mtoto amelia tangu jana na hataki titi la kushoto, yeye anasema "homa". Siku hiyo hapakuwa na mtu. Nesi aliuliza, na mimi nikajibu. Nikamwambia ilianza lini, inapanda saa gani, amekataa nini, ametapika nini. Nilikuwa nimefika barabarani na dawa mkononi ndipo nikashtuka kwamba yote yale yalikuwa Kiingereza. Nilisimama pale kando ya wauza nyanya, nikamshika mtoto. Sijui maneno yale yaliingia lini. Niliogopa kuyafikiria, yasije yakakimbia.

Sasa ngoja nikuambie ujinga wangu. Juma la mwisho tulipojiwekea alama tena, nilijiwekea moja na mbili. Kila mstari. Hata ule wa daktari niliweka mbili. Sikujiona ninaharibu kitu. Niliona ndiyo adabu. Mtu na akili zake atajisifu vipi mbele ya mwalimu? Yeye si ana macho, ataona mwenyewe. Nikaenda nyumbani na moyo mweupe, nikiwa nimeshakukabidhi mtoto kwa kalamu yangu.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu yangu ya kuleta desturi. Nilichagua ile ya kumpokea mgeni. Nilitwanga majani ya muhogo asubuhi, nikaiunga sombe kwa mawese na karanga, nikapika ndakala, dagaa wale alioleta Kasereka, na bugali mgumu kama wako. Nilibeba masufuria yale kilimani na mtoto mgongoni. Nikayapanga mezani, nikawakaribisha kwa Kiingereza kama unavyokaribisha wewe: karibuni, mtusamehe sana, hapa kwetu hakuna kitu, mtavumilia tu.

Okeny akafunua sufuria. "Hakuna kitu? Mama Heritier, na huyu ninayemnusa ni nani?"

Wakacheka. Nikawaeleza kwamba kwetu ndivyo mwenye nyumba anavyosema. Unapika tangu alfajiri, halafu unasema hakuna kitu, na mgeni naye anajua, anafunua, anashangaa, na kule kushangaa kwake ndiyo asante yako. Mwenye kutangaza "nimepika vizuri" anaonekana hana malezi. Nilieleza vizuri, Mama mdogo. Hata mwalimu aliacha kuandika, akasikiliza huku anakula.

Faridah alikuwa amempakata Heritier kwenye kiti changu. Karatasi yangu ya alama ilikuwa pale mezani, mtoto anaitafuna pembe. Faridah akaivuta, akaisoma, akaniangalia. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, "Wewe Mkongo! Kumbe hata kwenye karatasi umekaribisha mgeni! Hakuna kitu, hakuna kitu, mtuvumilie. Nani atakufunulia hii sufuria?"

Nilicheka na wenzangu. Halafu kicheko kikaniishia. Nikamwona mwalimu ameshika tonge halipelekwi mdomoni. Nikamuuliza, kama nikibaki na alama hizi? Akasema bila kupandisha sauti, "Unabaki ngazi ya kwanza. Mimi siweki alama hapa. Mtu anaweza kubadilisha mpaka dakika anaposimama, lakini anachobadilisha akionyeshe."

Nikamwangalia mtoto wangu. Nikaona begi lake dogo limefungwa, basi la mpakani, wewe unampokea. Na ni mimi niliyefunga begi hilo, kwa adabu.

Nikasimama. Kusema "naweza" mbele za watu, Mama mdogo, ni kama kuvua kilemba sokoni. Nikasema: naweza kumweleza daktari ugonjwa wa mtoto wangu. Okeny akavuta kiti, akawa daktari, akakunja uso. "Mtoto ana nini? Lini? Umempa nini? Kwa nini umechelewa?" Mpumbavu yule alikuwa mkali kuliko nesi. Nikamjibu yote. Alipouliza kwa nini nimechelewa nikamwambia sikuchelewa, ni wewe uliyekuwa unakula. Darasa likapiga meza. Nikafuta mbili, nikaweka nne. Nikaenda mstari kwa mstari hivyo. Ule wa redio niliuacha na moja, kwa sababu wale wasomaji wanakimbia mno, na hiyo moja si adabu, ni kweli.

Mwalimu akawauliza wenzangu kama wanakubali. Wakakubali, midomo imejaa ndakala. Nimepanda ngazi ya pili.

Sijamaliza kustaajabu. Nikiosha vyombo naduwaa. Unajua huku Waganda wakikukuta unafanya kazi wanakushukuru kwa kazi hiyo hata kabla hawajakuuliza hali? Mama mwenye nyumba akiniona naanika nepi husema "gyebale", yaani asante kwa kazi, na mimi siku zote nilikuwa nakataa, nasema hakuna nilichofanya. Jioni ile nilitoka chuoni na masufuria matupu, akasema "gyebale". Nikaitika "kale", yaani haya, sawa. Nikaipokea. Akaendelea na mkaa wake, hakujua amenipa nini.

Basi, Mama mdogo, mapatano ni mapatano. Heritier habebwi kwenda popote. Nasema kwa heshima, wewe uliyenilea baada ya mama, lakini nasema. Najua uliogopa nitaanguka kwa uchovu, na ni kweli uchovu upo, siku nyingine nasinzia nikiwa nimesimama. Lakini ukitaka kumshika mtoto, njoo wewe umshike. Mwezi wa nane chuo kinafungwa, Kasereka atakungoja kwenye basi. Barabara ikiwa salama, usitafute sababu.

Nisalimie mjomba na umwambie acheke taratibu. Msalimie bibi Olivia, dada zangu wote wa kwaya, na mtoto wa Guerschom aliyezaliwa. Mungu aliyekulinda mpaka leo akulinde na usiku unaokuja, na magoti yako ayape nguvu ya kupanda basi.

Ukifika nitakupikia sombe na nitakuambia, Mama mdogo utusamehe, hakuna kitu. Wewe utafunua sufuria. Hilo siwezi kuliacha, na sitaki. Lakini ukiniuliza kama najua Kiingereza, usingoje nikuambie hapana.

Ni mimi mwanao nikupendaye, hata pale ninapokukatalia,

Marie-Louise