Aliyesimama Mahali Pako

Mtaa wa Watia Rangi,
Ghent.
Juma la Mtakatifu Yohana, 1331.

Mpendwa kaka Zeger,

Amani ya Mungu iwe nawe huko Lübeck. U hali gani? Na kifua chako je, bado kinakusumbua baridi ikizidi? Greteke na watoto hawajambo? Mimi namshukuru Mungu, ni mzima wa mwili, ila nimechoka, kaka. Nimechoka hata kalamu naiona nzito.

Ukiona alama za vidole pembeni mwa barua hii usishangae. Ni ile buluu yetu, haitoki kwa sabuni wala kwa sala.

Tangu marehemu mume wangu Lammin aage dunia, mapipa ya rangi nimeyashika mimi. Kuchochea moto, kukamua sufu, kuzunguka vilabu vya pombe kukusanya mkojo wa walevi wa kuchachushia rangi, yote hayo nimeyafanya pamoja na Gerolf, yule fundi aliyekuwa mkono wa kuume wa Lammin. Utamkumbuka, yule mrefu asiye na maneno. Na sheria ya chama chetu unaijua: mjane huachiwa mapipa hadi sikukuu ya Mtakatifu Yohana, na siku hiyo ikifika awe ameolewa na mtu wa kazi hiyohiyo, la sivyo moto wake unazimwa watu wakitazama.

Moyo wangu ulikuwa kwa Gerolf. Sioni haya kukuambia, maana ndugu niliyebaki naye ni wewe. Hakuwahi kunipa neno tamu hata moja, lakini majira yote ya baridi sikukuta barafu kwenye ndoo zangu, alikuwa ameshaivunja. Wakuu wa chama wakakubali, padri akaanza kututangaza kanisani.

Jumapili ya pili mkunga Mergriet akasimama. Si mwanamke mbaya, alikuwa akiogopa dhambi.

"Padri, nisamehe," alisema, "lakini hawa wawili hawawezi kuoana. Gerolf ndiye baba wa ubatizo wa mtoto wa Avezoete."

Kanisa zima likanigeukia. Na ni kweli, kaka. Hannekin wangu alizaliwa dhaifu mno, tukamkimbiza abatizwe kabla roho haijatoka, na rafiki wa Lammin aliyepaswa kumshika hakutokea. Gerolf alikuwa ametufuata na blanketi tu, basi akaambiwa amshike yeye. Hannekin hakufika jioni. Mimi nilidhani udugu ule wa ubatizo tuliuzika naye. Kumbe maji yakimwagika hayazoleki, hata ya ubatizo. Padri alisema kwa sheria ya Kanisa aliyemshika mtoto ubatizoni huwa ndugu wa mama yake, basi mimi na Gerolf ni ndugu, na ndugu hawaoani. Ruhusa hutoka kwa Papa, naye yuko mbali nami kuliko wewe.

Akabaki Boudin, mtia rangi wa mapipa ya mtoni, aliyekwisha kuzika wake wawili. Hana ubaya. Anakohoa kutwa, na mshumaa anauzima hujamaliza kula. Majirani walinitania kisimani kwamba nishukuru, akikohoa vile wezi hawatatusogelea. Nilicheka nao, kisha nikajifungia ndani nikalia.

Ningeweza kuuacha moto uzimwe. Lakini mwanamke asiye na mapipa hapa mjini husokota sufu ya wenzake mpaka macho yafe, na Gerolf naye angekosa kazi. Nikampa Boudin sharti moja, Gerolf abaki. Akakubali upesi, maana hakuna mtia rangi anayemfikia.

Tumefunga ndoa juzi, mlangoni pa kanisa. Padri akauliza ni ndugu gani wa kiume atakayenitoa. Baba hayupo, wewe uko mbali. Watu wakatazamana, Boudin akaanza kukohoa, nami nikatamani ardhi inimeze. Ndipo Gerolf akatoka katikati ya watu, amevaa shati safi.

"Nitamtoa mimi," akasema. "Si mlisema ni ndugu yake?"

Padri akamwashiria asogee. Gerolf akanishika mkono, buluu kwa buluu, akautia katika mkono wa Boudin. Alichelewa kidogo kuuachia.

Leo asubuhi nimeshuka nikakuta moto umeshawashwa na ndoo zimejaa. Gerolf alikuwa amenipa mgongo, anakoroga pipa.

Nisalimie sana Greteke, uwabusu watoto, na shangazi Trude mwambie shuka alilonitumia nimelitandika. Mungu akulinde na baridi, akuepushe na watu wenye ndimi mbili, akurudishe siku moja tuonane.

Gerolf naye anakusalimu. Nilitamani akuite shemeji. Sasa inambidi akuite ndugu.

Dada yako akupendaye,
Avezoete