Siku Tuliyozuiwa Kununua Shela

Mwanangu Kabula,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza. Nikianza tu kusema, "Unakumbuka siku ile Shinyanga," unaangua kicheko, unakohoa, halafu unaniambia mgonjwa anakuita. Nabaki na maneno mdomoni hapa Nyarugusu, karasha linasaga mawe nyuma yangu na vijana wa mashine wananitazama. Barua huwezi kuikatiza katikati.

Tena watu hapa kila mmoja ana habari yake kuhusu harusi yako. Wako wanaosema nililala rumande. Wako wanaosema ulipanda juu ya kiti ukamfokea mkuu wa polisi. Tangu uhamie Mtwara na mumeo hakuna wa kunisaidia kuwabishia, kwa hiyo naandika kama ilivyokuwa, na anayetaka kusoma asome.

Marehemu mama yako alikuwa akiinama kupita mlango wa jikoni. Wote tulidhani utamfuata yeye. Ukanifuata mimi, kimo na mifupa, na juu yake Mungu akakuongezea sura isiyotaka kukua. Ukiwa darasa la saba, mgeni aliyekuja kukagua shule alikushika mkono kwa upole akakupeleka darasa la awali. Ulipohitimu ukunga ukapangiwa kituo cha afya kule Ushetu, mzee mmoja aliyekuja kupimwa presha alikupapasa kichwani: "Mjukuu wangu, hebu niitie muuguzi." Ukamfunga kile kitambaa mkononi ukamjibu, "Muuguzi ndiye mimi, babu. Usiongee, nakupima."

Basi Daudi akaja kukuchumbia, yeye na urefu wake wa nguzo ya umeme. Ulikuwa na miaka ishirini na tisa. Mahari yakaisha, tarehe ikapangwa, likabaki suala la shela. Kumtafutia binti shela ni kazi ya kina mama. Lakini mama yako alikuwa ametangulia, na dada yangu Milembe, shangazi yako, alikuwa ndiyo kwanza ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, kalala kwake Ibadakuli akiamrisha dunia kwa simu. Ikabaki mimi. Mimi nikipewa jiwe nitakuambia kama lina dhahabu au lina mng'ao tu wa kudanganya. Habari za lesi na shanga nilikuwa sizijui kabisa.

Siku ya kwenda dukani tulipitia kwake, nami nilikuwa nimejipamba ili nisikuaibishe. Nilivaa kofia mpya, shati la mikono mirefu, viatu vinavyolia nikitembea. Na jino langu la dhahabu nililipiga mswaki mara mbili. Shangazi yako alinitazama kutoka kitandani akasema, "Unaenda kununua shela au kuoa?" Tukacheka sote. Hatukujua kwamba swali hilo tutaulizwa tena kabla ya saa sita.

Unakumbuka lile duka pale mjini, la yule mama wa Kihindi anayeitwa Mama Farida? Ukoo wao uko Shinyanga tangu enzi za babu zake, na Kisukuma anakiongea kuliko wewe. Tulipoingia alinisalimia "Mwangaluka, baba," nikaitika kwa raha. Kisha akakuinamia wewe, tabasamu limejaa uso.

"Na wewe mrembo, kipaimara ni lini?"

"Sio kipaimara," ukasema. "Ni harusi."

"Aaa! Utabeba maua!" Akamwita msichana wake wa kazi, naye akaja na kigauni kifupi chenye mabawa mawili ya malaika mgongoni.

Nilikuona unavyovuta pumzi. "Mama, mimi ndiye bibi harusi."

Yule mama akakutazama kuanzia kichwani hadi kwenye vile viatu vyako vya wazi, ambavyo mpaka leo unavinunua kwenye meza ya watoto. Halafu akanigeukia mimi. Akaona kofia. Akaona jino. Akaona mzee wa machimboni ambaye duara lake, shimo lake la kuchimbia, limetema dhahabu juzi, kaja mjini na pesa mfukoni. Nami, kwa ujinga wangu, nikatabasamu ili jino lionekane vizuri, nikasema, "Usijali bei, mama. Huyu ndiye mpenzi wangu wa moyo."

Kabula, naapa nilimaanisha kama baba.

Mama Farida hakubadilika sauti. Alituletea soda baridi. Alisema anayo shela moja maalumu, ya kifalme, akakupeleka chumba cha nyuma kuivaa. Sasa ndipo ninapoelewa kwa nini alichagua ile: ilikuwa na vifungo vidogo vidogo vya mgongoni, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, na yule msichana alikuwa ameambiwa avifunge polepole. Mimi nikawa nakunywa soda. Mama Farida akaenda nje kupiga simu, nikadhani anaagiza mzigo.

Pazia lilipofunguliwa, nilisimama nikaangalia, nikaangalia tena. Niliona shela. Ilikuwa pana kama hema, chini ina waya wa mduara, juu ina mikono iliyofura kama maandazi. Imesimama yenyewe katikati ya chumba.

"Kabula yuko wapi?" nikauliza.

"Niko humu, baba," shela ikajibu.

Wakati huohuo aliingia yule afande. Alikuwa amevaa kiraia, mama mjamzito, tumbo limefika mwezi wa mwisho, anatembea taratibu akishikilia kaunta. Akajitambulisha kwamba anatoka dawati la jinsia la polisi. Akaniomba nikae. Nikakaa. Akakugeukia wewe, sauti imelainika kabisa.

"Mwanangu, usiogope. Una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Nani amekufundisha useme hivyo?"

Ukatoa kitambulisho kwenye pochi, mkono mmoja tu ukitokeza kwenye yale maandazi. Afande akakiangalia upande huu na upande ule. "Hiki ni cha dada yako," akasema kwa huruma. Kisha kwangu: "Mzee, huyu ni nani wako?"

"Ni binti yangu."

"Wote husema hivyo."

Hapo damu ilinipanda. Nilisimama nikaanza kupayuka kwamba una miaka ishirini na tisa, na mambo ya heshima yangu na karasha langu na marehemu mke wangu, na nadhani nilimtaja hata padri. Mama Farida naye akapaza sauti kwamba katika duka la marehemu baba yake hakuna mtoto atakayevalishwa shela, hata nikileta gunia la dhahabu. Tukawa tunabishana kwa Kiswahili na Kisukuma kwa pamoja. Na wewe, mwanangu, hukuwa unatusikiliza. Ulikuwa unaangalia miguu ya afande.

"Imevimba tangu lini?"

Ulisema kwa sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia nyumbani. Haikuwa kubwa. Lakini sote watatu tulikugeukia.

"Nini?" afande akauliza.

"Miguu. Na mikono pia, naona pete imekubana. Kichwa kinauma?"

"Tangu jana," afande akasema. "Ni uchovu tu."

"Macho yanaona ukungu? Nyota nyota?"

"Kidogo."

"Kaa chini. Presha ulipimwa lini mara ya mwisho?"

Afande akakaa, tena kwenye kiti changu, akaanza kujieleza kwamba kazi ni nyingi, kwamba kliniki ya mwisho aliikosa. Ukamwambia, "Tunaenda hospitali sasa hivi. Sio kesho, sio jioni. Baba, leta gari mlangoni." Na afande wa dawati la jinsia, mtu aliyekuja kunikamata, akakuitikia, "Sawa, sista."

Vifungo vile havikuwa vya kufunguliwa haraka, kwa hiyo ulitoka hivyohivyo. Nakumbuka tulivyokusukumiza ndani ya pikapu, mimi nakunja waya huku, msichana wa duka anakandamiza lesi kule. Afande alikaa mbele. Mama Farida akaruka nyuma kwenye bodi, na alipoulizwa anaenda wapi akasema, "Shela haijalipiwa!" Mimi mtuhumiwa ndiye niliyemwendesha polisi, jasho linanitoka chini ya kofia mpya, na shela imeziba kioo sioni nyuma.

Pale hospitali mlinzi alisema watoto hawaruhusiwi wodini. Ulimpita kama hukumsikia. Ulimkabidhi afande kwa wauguzi wenzako, ukaeleza dalili zote moja baada ya nyingine, ukiwa ndani ya hema lako jeupe, na daktari kijana alikuwa akikuitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Presha ilikutwa juu sana. Walimlaza palepale. Wiki ileile alijifungua, mama mzima na mtoto mzima.

Tulimrudisha Mama Farida dukani na shela yake, tukarudi Ibadakuli mikono mitupu. Nilimsimulia shangazi yako nikiwa bado na hasira. Alicheka mpaka akashika nyonga yake. "Mpenzi wangu wa moyo!" akawa anarudia, machozi yanamtoka. Halafu kicheko kikaisha, akabaki anaangalia ukutani.

"Huyo mama aliyepiga simu," akasema, "mlimwambia asante?"

"Asante! Dada, nusura nilale rumande!"

"Mimi nilichukuliwa nikiwa bado nacheza kombolela," akasema. "Wewe ulikuwa unachunga ndama, hukumbuki. Mwanamume aliyenioa alikuwa na meno machache kuliko baba yetu. Watu walikula, wakacheza ngoma, wakarudi makwao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza haka kasichana kana miaka mingapi." Akanitazama. "Rudini mkamwambie asante. Na mimi nakuja."

Wewe ulikuwa umeketi mwisho wa kitanda unamkanda miguu. Uliendelea tu kukanda.

Tulisubiri apate nguvu, tukarudi wote watatu, yeye na fimbo yake. Mama Farida alituona mlangoni akashika mdomo kwa aibu. Alianza kuomba radhi, shangazi yako akamkatiza. "Sijaja kwa radhi. Nimekuja kukushika mkono." Akaushika, akakaa nao muda mrefu, wale kina mama wawili wamesimama kati ya magauni.

Baada ya hapo Mama Farida alikupamba kana kwamba anamuoza binti yake mwenyewe, na mimi nilikaa pembeni nikajifunza. Alifuta kila kitu ambacho shangazi yako alikuwa ameagiza kwa simu akiwa kitandani. Hakuna waya. Hakuna maandazi mabegani. Kiuno cha gauni alikipandisha juu kidogo ili miguu ionekane mirefu, sketi akaiacha ishuke moja kwa moja, shingo akaikata kwa umbo la V. Veli ikaishia kwenye kiwiko. "Ikiburuta itammeza," alisema. Nywele zipandishwe juu, na zile za kuangukia kwenye paji la uso ziondolewe, maana ndizo zinazokurudisha darasa la awali. Mdomo rangi ya zabibu, sio waridi. Maua ya mkononi yawe machache, la sivyo utaonekana umejificha kichakani. Viatu vya mchuchumio viwe na kisigino cha kiasi. "Usimkimbize Daudi kwa urefu," akasema, "humpati. Simama wima tu." Nilipouliza kama poda nyingi isingekuongezea umri, wote mlinitazama mpaka nikatoka nje kuangalia gari.

Niliporudi nilikuta pazia limefunguliwa. Nikaiona tena ile shela ya kifalme, hema lote, waya na vifungo. Safari hii ndani yake alikuwepo mtu. Shangazi yako Milembe, mrefu, mvi zake zimefungwa kwa kitambaa, fimbo kaiegemeza ukutani. Ilimkaa kama vile ilishonwa kwa vipimo vyake. Wewe ulikuwa umepiga magoti unamnyooshea pindo.

Alijitazama kwenye kioo, akajigeuza upande. "Kumbe," akasema. Basi. Baadaye akaniona na jicho likabadilika: "Wewe unatazama nini? Nisaidie kuivua, nyonga inauma."

Siku ya harusi hakuna aliyeuliza bibi harusi ni yupi. Bibi yake Daudi, ambaye kwenye posa alikupa biskuti, alikuangalia ukipita akamnong'oneza jirani yake, "Huyu ni mwanamke, jamani." Nilisikia mwenyewe. Mama Farida alikuwa safu ya pili, karibu na shangazi yako, na kila ulipogeuka alikuwa anakuonyesha kwa kidole uinue kidevu.

Kuna jambo moja sijawahi kukuambia, na ndilo ambalo kila mara kwenye simu nashindwa kulifikia. Tulipofika mlangoni mwa kanisa uliniingizia mkono kwapani. Ulikuwa umependeza, umekomaa, mtu mzima kamili, kazi ya Mama Farida ilikuwa safi. Kanisa zima lilimwona mwanamke anaingia. Mimi, niliyemfokea polisi kwamba una miaka ishirini na tisa, nilitazama upande nikaona mtoto mdogo sana ameshika mkono wangu. Kama afande angetokea pale akaniuliza umri wako, ningemwambia hujafikisha umri wa kuolewa. Ningemsaidia kuizuia harusi.

Lakini hakutokea, na wewe ulinivuta tukaenda.

Msalimu sana mwenzio. Kuleni samaki huko kwenu, ila likizo mje mkoa wenye nyama. Mlinzi wa huko akikuzuia mlangoni nipigie, nitamweleza.

Ng'wanawane, mwanangu, lala salama leo.

Ni mimi baba yako,
Nyarugusu