Baridi ya Friji ya Misheni

Babati, 14 Juni 1984

Mpendwa Herieli,

Pokea salamu zetu za hapa Bagara. Mama hajambo, mahindi yamekauka vizuri, ila sukari bado hatujaiona madukani.

Juzi nilifanya kipimo kipya pale maabara. Mwili ukipigana na ugonjwa, kinga yake huweza kushikana na adui na kufanya vibonge vidogo, na vibonge hivyo vikizunguka kwenye damu huharibu figo. Ili kuvipata nilitenga majimaji ya damu, nikatia dawa ya kuvigandisha. Vilitakiwa vilale kwenye baridi, na friji yetu haina mafuta ya taa. Nikapeleka kichupa misheni.

"Friji hii ni ya chanjo tu, binti," Sista akasema.

"Naomba nafasi kidogo pembeni, Sista. Bila hivyo siondoki."

Akacheka, akasogeza chanjo.

Asubuhi umeme wa jenereta ulikatika pale maabara, nikazungusha kwa mkono mashine ya kutenganishia damu mpaka vibonge vikatuama chini kama mashapo meupe. Daktari alipoyaona akasema, "Mgonjwa huyu aanze dawa haraka. Ni nani?"

"Ni mimi."

Ndiyo maana pete yako haiingii, Herieli. Vidole vimevimba. Jumatatu naanza dawa, na daktari anasema kuzaa kutasubiri miaka, labda kusiwepo kabisa. Kama ni zito kwako, niambie waziwazi, sitakulaumu. Ila usiniandikie kwa huruma. Mimi nina mpango wa kuzeeka.

Ni mimi wako,
Kornelia