Nimempa Binti Yangu Jina la Nesi, Sasa Nikamseme Tororo?

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana hapa nyumbani kila mtu ameshanipa jibu lake na hakuna majibu mawili yanayofanana. Mimi nilizaliwa Busia upande wa Kenya nikaolewa huku Nabuyoga, upande wa Uganda, na mwaka jana nilipopata uchungu wa mtoto wetu wa tatu nilifika kituo cha afya siku moja na jirani yangu Betty, wote wawili uchungu umekolea, na aliyekuwepo ni nesi mmoja tu, Sista Provia, yeye ndiye mkunga, ndiye wa chanjo, ndiye wa malaria, na mimi nilikuwa natoka damu hata nikaona kuta zinazunguka, basi akanichagua mimi, akanikandamiza tumbo na hakuondoa mikono mpaka damu ilipokata, na Betty akapakiwa kwenye bodaboda apelekwe hospitali Tororo, akajifungulia njiani ndani ya mtama wa watu. Mungu ni mwema, watoto wote wawili ni wazima. Binti yangu nilimwita Provia, na Sista akipita kwetu humwita "Jina" na kumletea sabuni, na sijui kama nitawahi kumaliza kumshukuru yule mama.

Sasa kuna shirika linalotusaidia kwa mbegu na mambo ya afya, nalo nalishukuru sana, na afisa wao Levis amenichagua nikaseme Tororo Alhamisi hii kwenye kikao cha bajeti ya afya ili tupate mkunga wa pili. Ameniambia, "Mama, hiyo stori yako na Betty itawamaliza kabisa. Ukifika pale kwa damu nyamaza kidogo, machozi yaje." Mama mkwe aliposikia aliacha maharage aliyokuwa anachambua, akaniuliza, "Wewe nakwenda shitaki mutu alikushika ukiwa nakufa? Na jina lake umepea mutoto?" Anaogopa, na mimi naogopa, kwa sababu tulisikia kituo kimoja watu walilalamika hivyo hivyo, nesi wao akahamishwa na hakuletwa mwingine. Mume wangu Ogwang anasema niende. Betty anacheka tu, ananiambia, "Wewe ulipata jina la nesi, mimi wangu nimwite Pikipiki?" na sijui kama anacheka kweli. Nikinyamaza, wenzangu wenye mimba watakuja kuchaguliwa kama tulivyochaguliwa sisi. Nikisema, huenda nikamponza aliyeniokoa. Nifanye nini?

Mama Provia, Nabuyoga

*

Mama Provia,

Pole, halafu hongera, halafu ngoja nikugombeze.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimemshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke nisiyemjua ambaye hakuondoa mikono. Watu wa namna hiyo ndio wanaotufanya tuendelee kuitwa nchi. Lakini wewe hiyo shukrani umeikalia kama kuku anayeatamia mayai viza! Kumnyamazia mtu anayefanya kazi ya watu watatu si heshima. Ni kumwongezea mzigo. Siku Sista Provia atakapoanguka kwa uchovu, utampelekea nini? Kwaya?

Mama mkwe wako lakini si mjinga, na usithubutu kumdharau. Ameliona jambo ambalo wasomi wengi hawalioni: lawama ikipelekwa ofisini bila kusema ni ya nani, humwangukia aliye karibu, na aliye karibu ni nesi. Aliyepanga watumishi yuko mbali, kwenye kiti kizuri.

Na wewe Levis, najua kina mama wataisoma barua hii mbele yako. Kwa mbegu, asante, tena kwa moyo wote. Ila tangu lini mwanamke wa Nabuyoga akafundishwa mahali pa kulia? Kazi ya shirika ni kujua nani ana uamuzi, kuupata mlango wa kikao, kulipa nauli ya kina mama, kisha kubaki pale Tororo wakati wao wamerudi kupalilia na ahadi imeanza kusahaulika. Hapo ndipo tunapowahitaji. Maneno tunayo.

Sasa turudi kwa Betty. Mama, umeniandikia namna anavyocheka, hujaniandikia kama ulimuuliza! Ile siku si yako peke yako. Wewe ulishikwa, mwenzako akapakiwa. Kesho asubuhi nenda kwake, kaa chini, mwombe ruhusa. Akitaka kusema mwenyewe, aseme. Akikataa, hadithi yake ibaki kwake, wewe sema ya mwili wako.

Kutoka hapo nenda kwa Sista Provia, na uende kabla ya Alhamisi, si baada. Mwambie kila neno unalokusudia kusema. Muulize anapungukiwa nini. Yeye ni mwajiriwa, hawezi kupiga kelele juu ya wakubwa wake, na huenda amengoja muda mrefu mtu mwingine azipige kwa niaba yake.

Kwenye kikao anza na shukrani. Usiinong'one. Mtaje kwa jina, useme alichofanya, waiandike. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, sema mambo mawili yaliyofungwa pamoja: asiondolewe, na aongezewe mwenzake. Usichanganye na barabara wala mbegu wala daraja. Usikae mpaka mmoja wao aseme ni nani atakayelishughulikia na lini, na Levis awe ndiye wa kumfuata huyo mtu kila wiki.

Wala usiende peke yako. Nendeni wengi, na mama mkwe wako avae gomesi lake zuri, mmwombe atangulie kusema. Atasema kwa Kiswahili chake, au kwa Dhopadhola na mtu atafsiri. Anayeogopa kunyang'anywa nesi hawezi kueleweka kama mshitaki. Atawaambia, "Huyu musituchukulie. Mutuletee mwenzake." Akimaliza, simama nyuma yake, useme yako.