Mama Mkwe Kakosa Hesabu, Nami Nimempa Vema

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana mimi mwalimu wa hesabu, mtu mzima na upara wangu, nimejitia kitanzi kwa ulimi wangu mwenyewe. Tulipelekwa mafunzo ya kufundisha kwa simu ili asiachwe hata mtoto ambaye kwao kuna simu ya vitufe tu, nikajifunza kurekodi somo, mtoto anapiga namba, anasikiliza, anajibu kwa sauti, nami namrudishia masahihisho, na nimenogewa kweli, wazazi sasa wananiita Redio. Basi mama mkwe, anayelea wajukuu, akaanza kusikiliza nao, mara akaanza kujibu, na juzi akasema nusu ukijumlisha na theluthi unapata mbili juu ya tano, na sauti yenyewe imejaa furaha, "Mwanangu, shule niliikosa utotoni, leo nimeipata," sasa nitamwambiaje mama aliyenipa mke kwamba amekosa, nikamjibu, "Hongera mama, vema kabisa." Tangu hapo anawafundisha wajukuu hivyo hivyo, na mkufunzi wetu, aliyesikia habari zake, amemwalika Jumamosi aje akokotoe hesabu hiyo mbele ya walimu wote. Gauni ameshashona. Mke wangu anacheka tu: "Baba watoto, hilo ni lako." Nifanyeje?

Redio

Redio, pole, ingawa chai imenipalia kwa kicheko. Watoto wakikosa unawasahihisha; yeye unampigia makofi. Heshima gani hiyo, kumwacha mtu nje ya darasa huku unamwita mama? Simu imemfikia, wewe bado.

Leo usirekodi kitu. Nenda kwake na mkeo, mchukue mkate. Mpe nusu mkononi, umwulize, "Mama, nikikuongezea theluthi, utakuwa na pungufu ya nusu?" Maana mbili juu ya tano haifiki hata nusu. Kisha unyamaze, najua ni kazi kwako. Halafu kateni mkate wote vipande sita sawa: vitatu vyake, viwili vya nyongeza, jumla tano juu ya sita. Wajukuu wawepo, kosa lako wamelibeba nao. Omba radhi. Atakucheka, na utakuwa umestahili.

Jumamosi aanze na jibu lake la kwanza, kisha akate mkate mbele ya walimu. Kadhaa wao watakohoa kuficha aibu. Nimejuaje? Kabla ya kukujibu niliijaribu hesabu yako, nikapata mbili juu ya tano, nikajipa vema. Niwekee kiti karibu na mama mkwe.